Wasomaji Wanauliza: Je, Tovuti Yangu Inahitaji Kisanduku cha Kutafutia?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na duka langu liko Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam. Mwaka jana nilitengenezewa tovuti ya WordPress yenye orodha ya bidhaa zipatazo 600, zilizogawanywa katika makundi saba. Sasa fundi aliyeitengeneza ananishauri nilipie kazi ya kuongeza kisanduku cha kutafutia. Anadai kwamba tovuti isiyo nacho inaonekana ya kizamani, na kwamba nikikiweka, Google itakionyesha chini ya jina la duka langu. Mdogo wangu, ambaye ndiye anayejibu ujumbe wa wateja kwenye WhatsApp, anasema fedha hizo zingefaa zaidi kupigia picha nzuri za bidhaa. Nani kati yao yuko sahihi?
— Mfanyabiashara, Gerezani

JIBU: Ndugu msomaji, sababu mbili alizozitoa fundi wako hazina nguvu, ingawa ushauri wenyewe, kwa duka kama lako, naona ni mzuri. Nianze na hilo la Google. Ni kweli kwamba kwa miaka kadhaa Google ilikuwa ikionyesha kisanduku kidogo cha kutafutia chini ya majina ya baadhi ya tovuti, na mafundi walikuwa wakiongeza msimbo maalumu ili tovuti za wateja wao ziweze kukipata. Huduma hiyo ilianza kuondolewa tarehe 21 Novemba 2024, Google yenyewe ikieleza kwamba watumiaji wake walikuwa wamepungua. Anayekuuzia faida hiyo leo anakuuzia kitu ambacho hakipo tena. Kuhusu kuonekana wa kizamani, sijapata kumsikia mnunuzi wa simenti aliyeghairi kununua kwa sababu hiyo.

Jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa ni kwamba WordPress, yaani programu iliyotumika kujengea tovuti yako, huja na utafutaji wake ndani, bila malipo. Kukiweka kisanduku chenyewe juu ya ukurasa ni kazi ndogo sana. Kwa hiyo, kabla hujalipa, mwombe fundi akuandikie anachokidai ni malipo ya kazi gani hasa. Akikutajia kisanduku peke yake, bei iwe ndogo, na akikutajia kazi nitakazozieleza hapa chini, basi ana haki ya kulipwa vizuri.

Swali ambalo huamua mambo katika suala hili ni hili: je, mteja anapofika kwenye tovuti yako, tayari analijua jina la kitu anachokitaka? Mnunuzi wa vifaa vya ujenzi kwa kawaida analijua. Ametumwa na fundi wake na karatasi iliyoandikwa nondo mm 12, bati geji 28, koki ya nusu inchi, na hana haja ya kutembezwa katika makundi saba ili avione vitu ambavyo hakuagizwa. Bidhaa 600 katika makundi saba ni wastani wa bidhaa zaidi ya 80 kwa kila kundi, na kwenye kioo cha simu hizo ni kurasa nyingi za kuteremka kwa kidole, huku bando likiliwa na picha za vitu visivyohusika. Mteja wa namna hiyo unamtendea haki ukimpa mahali pa kuandika jina na kupata jibu moja kwa moja. Lakini ungekuwa unauza mapambo ya ukutani, ambayo mtu huyapenda akishayaona na si kabla, ningekushauri kinyume chake.

Usiliamue jambo hili kwa kuniamini mimi. Keti na mdogo wako, fungueni ujumbe wa wateja wa miezi miwili au mitatu, na muugawe katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la wanaouliza kwa jina: "Mna vitasa vya milango ya alumini?" Fungu la pili ni la wanaoeleza shida: "Nataka kupaua nyumba ya vyumba vitatu, nitahitaji nini na nini?" Fungu la kwanza likiwa kubwa, kisanduku kitatumika. La pili likiwa kubwa, kisanduku hakitawasaidia hao hata kidogo, kwa sababu hawana neno la kuandika ndani yake. Wanachohitaji ni ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri unaoeleza vifaa vya kuezekea, pamoja na namba ya kupiga. Ujumbe huo unao tayari mkononi, na una thamani kuliko maoni ya mtaalamu yeyote ambaye hajawahi kusimama dukani kwako.

Wataalamu wenyewe, kwa kweli, hawakukubaliana. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mchunguzi wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kwamba zaidi ya nusu ya watumiaji aliowachunguza walikimbilia kutafuta kabla ya kufuata viungo (maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine), na kauli hiyo imekuwa ikirudiwa tangu wakati huo na watu wanaouza kazi za utafutaji. Jared Spool, naye mchunguzi wa tovuti wa siku nyingi, alipinga kwamba kuna watu ambao kwa tabia yao ni watafutaji. Kwa maelezo yake, mtu yule yule hufuata viungo katika tovuti moja na kukimbilia kisanduku katika nyingine, kutegemea anachokitaka na jinsi tovuti yenyewe ilivyopangwa. Mimi naegemea upande wa Spool, na ndiyo maana sipendi kumtajia mtu idadi ya kurasa ambayo akiifikia basi lazima aweke utafutaji. Mara nyingi mtu hukiendea kisanduku kwa kuwa menyu imemshinda, na katika hali hiyo anayehitaji kurekebishwa ni menyu.

Tuchukulie kwamba umeamua kukiweka. Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza, kwa sababu utafutaji wa WordPress haujui maana ya maneno. Unalinganisha herufi tu. Mteja akiandika maneno matatu, programu hutafuta bidhaa ambayo kila moja kati ya maneno hayo limo katika kichwa chake, muhtasari wake au maelezo yake, na neno moja likikosekana bidhaa hiyo haitokei. Angalia linavyokuwa jambo la kawaida kabisa: mteja anaandika "bei ya nondo", nondo unazo za kila ukubwa, lakini kwa kuwa bei huhifadhiwa mahali pengine na neno "bei" halimo katika maelezo ya nondo, mteja anaambiwa hakuna kitu. (Kabla ya toleo la 3.7, lililotoka Oktoba 2013, hali ilikuwa mbaya zaidi, kwani majibu yalipangwa kwa tarehe. Siku hizi bidhaa yenye neno hilo katika kichwa hutangulia.)

Kisha kuna umoja na wingi. Programu nyingi za utafutaji zilitengenezwa zikifikiria Kiingereza, ambacho huongeza herufi mwishoni mwa neno, kwa hiyo hata zile zilizo bora kuliko ya WordPress hujua kukata mwisho. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Mteja akiandika "vitasa" nawe umeandika "kitasa", hampatani. Ndivyo ilivyo kwa msumari na misumari, na kwa mlango na milango. Kwa bati na mabati hali ni ya upande mmoja: anayeandika "bati" atayapata na "mabati", kwa kuwa herufi hizo zimo ndani yake, lakini anayeandika "mabati" hatalipata "bati". Tena huyo aliyeandika "bati" asishangae akiletewa na kabati la jikoni.

Vipimo navyo vina vituko vyao. Ukiandika kwenye tovuti "12 mm", kwa nafasi katikati, anayetafuta "12mm" hatakipata kitu hicho; ukiandika "12mm" kwa kuunganisha, utawapata wote, aliyeunganisha, aliyetenganisha, na hata aliyeandika "mm 12" kama mafundi wetu wanavyosema. Hayo ni mambo madogo ambayo hayagharimu shilingi, ila mtu lazima ayajue kabla ya kuingiza bidhaa 600.

Ugumu wa mwisho, ambao kwa Dar es Salaam ni mkubwa kuliko yote, ni kwamba kitu kimoja kina majina matatu. Mfuko umeandikwa kwa Kiingereza, ankara inasema saruji, na mteja anaandika simenti, au sementi. Anayetaka vigae vya sakafuni anaweza kuandika marumaru au tailsi. Dawa yake si programu ya gharama. Dawa ni kwamba chini ya kila bidhaa iwepo sentensi moja au mbili zilizoandikwa kwa makusudi, zenye jina la umoja, jina la wingi, jina la mtaani, jina lililochapwa kwenye pakiti, na neno bei. Mtu anayelijua duka, kama mdogo wako, ataiandika sentensi hiyo vizuri kuliko fundi wa kompyuta, na aanze na bidhaa zinazoulizwa zaidi badala ya kufuata mpangilio wa alfabeti. Hizo ndizo kazi ambazo nilisema zinastahili kulipiwa.

Ukurasa wa "hakuna kilichopatikana" nao usiuache kama ulivyokuja. Kisanduku kinachojibu "hakuna" wakati kitu kipo ni sawa na kijana wa dukani anayemwambia mteja "haipo" bila kwenda stoo kuangalia: mteja havumilii, anavuka barabara. Kwa hiyo weka hapo kitufe cha WhatsApp na orodha ya yale makundi saba, ili aliyekosa kwa herufi apate kwa mdomo.

Wapo watakaokushauri utumie kisanduku cha Google badala ya kile cha WordPress (si kile kilichoondolewa, bali kingine ambacho mwenyewe unakiweka ndani ya tovuti yako). Kinafanya kazi, lakini toleo lake la bure huonyesha matangazo pamoja na majibu, na hakuna kinachozuia tangazo hilo kuwa la muuzaji mwenzako; isitoshe, hupata tu kurasa ambazo Google imekwisha kuzipitia, hivyo bidhaa uliyoiingiza asubuhi huenda isionekane jioni. Kwa biashara ya vifaa vya ujenzi mimi nisingekitumia. Kuhusu kasi, usiwe na wasiwasi kwa bidhaa 600. Wanaopaswa kuwa na wasiwasi ni wenye makumi ya maelfu, kwa sababu utafutaji wa aina hii hupitia rekodi moja baada ya nyingine.

Baada ya kukiweka, soma wanachokiandika watu. Ikiwa tovuti yako imeunganishwa na Google Analytics, mfumo wa Google wa kufuatilia matumizi ya tovuti, maneno yanayotafutwa huweza kurekodiwa bila kununua kitu cha ziada, kwa kuwa anwani ya majibu ya WordPress hubeba herufi "s" ambayo mfumo huo huitambua. Utaona vitu ambavyo huuzi lakini vinaulizwa kila wiki, na kwa mfanyabiashara hiyo peke yake inaweza kulipa gharama zote. Kuwa mwangalifu, hata hivyo: watu huandika lolote ndani ya visanduku, yakiwemo majina yao na namba za simu, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, anayekusanya taarifa za namna hiyo ana wajibu juu yake. Usizikusanye bila haja, na usimpe kila mtu ruhusa ya kuziona.

Sasa kuhusu mdogo wako. Picha nzuri zina maana kwa vigae, vitasa na taa, ambavyo mtu huvichagua kwa macho. Kwa nondo na misumari hazina maana kubwa. Ningekuwa mimi, ningetumia sehemu kubwa ya fedha hizo kuandika upya maelezo ya bidhaa, kiasi kilichobaki kikaenda kwenye picha za makundi hayo machache, na kisanduku kikawekwa wazi juu ya ukurasa, kikiwa kisanduku kamili na si alama ya lenzi pekee ambayo wengine hawaijui ni ya nini.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasimamia tovuti ya shule ya awali iliyoko Mbagala. Tovuti ina kurasa 11 tu, lakini wazazi wanapiga simu kila wakati wakidai hawaoni ada, ilhali ada ipo katika ukurasa wa "Nyaraka" ulio chini ya "Taarifa Muhimu". Nimeshauriwa niweke kisanduku cha kutafutia ili wazazi watafute wenyewe. Je, nikiweke?
— Mwalimu, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Usikiweke. Wazazi wako hawakosi mahali pa kutafutia. Wanakosa neno "Ada" kwenye menyu. Mzazi anayetafuta ada hana sababu ya kudhani kwamba shule imeiita nyaraka, na tena ya kwamba nyaraka hiyo ni taarifa muhimu. Litoe neno hilo lilipojificha, liweke kwenye menyu ya juu likiwa peke yake, na ukurasa wake uwe maandishi ya kawaida yanayosomeka kwenye simu, si faili la kupakua.

Nikuongezee kichekesho kimoja. Kama kisanduku chako kingekuwa kile cha kawaida cha WordPress, nilichokieleza katika jibu lililotangulia, mzazi akiandika "ada" angeletewa kila ukurasa wenye neno "baada", "msaada" au "ibada", maana herufi hizo zimo ndani ya maneno hayo yote. Katika kurasa 11, hizo huenda zikawa karibu zote.

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisi yetu ya mawakili iko katikati ya jiji, karibu na Posta. Katika tovuti yetu tumeweka nyaraka za kisheria tulizozikusanya kwa miaka mingi kwa ajili ya wanafunzi na mawakili wenzetu: matangazo, miongozo na nakala za hukumu, nyingi zikiwa faili za PDF zilizotokana na karatasi tulizozipitisha kwenye skana. Kisanduku cha kutafutia tunacho, lakini watu wanalalamika kwamba hakipati kitu. Tatizo ni nini?
— Karani wa ofisi ya mawakili

JIBU: Kwenu kisanduku kinahitajika bila ubishi; hata tovuti ya TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu huchapishwa, isingetumika kabisa bila utafutaji. Tatizo lenu liko chini ya kisanduku. Kwanza, utafutaji wa kawaida wa WordPress hausomi kilichomo ndani ya faili za PDF. Pili, hata ukinunua programu inayozisoma, karatasi iliyopitishwa kwenye skana ni picha. Jicho lako linaona maneno, lakini kompyuta inaona madoa meusi kwenye karatasi nyeupe.

Kinachohitajika ni programu ya kutambua maandishi ndani ya picha. Iko ya bure iitwayo Tesseract, ambayo ilianzia katika kampuni ya HP miaka ya 1980, ikaachiwa kwa matumizi ya umma mwaka 2005, na ina data ya kusomea Kiswahili. Kazi yake kwa karatasi safi iliyochapwa ni nzuri. Kwa nakala ya nakala, iliyofifia na kupigwa muhuri juu ya maandishi, itakosea, na itakosea hasa kwenye majina na namba, ambavyo kwa bahati mbaya ndivyo wakili anavyovitafuta. Kwa sababu hiyo nawashauri msianze na programu. Anzeni na jedwali lililoandikwa kwa mkono wa binadamu: namba ya shauri, mwaka, wahusika, mahakama, na mada kwa maneno machache. Jedwali hilo likiwa maandishi ya kawaida ndani ya tovuti, kisanduku mlichonacho sasa kitalisoma bila shida, na maulizo mengi yataishia hapo. Utambuzi wa maandishi ufuate baadaye, kwa kuanza na nyaraka zinazoombwa zaidi, na kwa njia inayoyaweka maandishi nyuma ya picha ili muhuri na sahihi viendelee kuonekana.

Lugha nayo itawasumbua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, nyaraka mpya zinazidi kuwa za Kiswahili wakati za zamani ni za Kiingereza, na anayeandika "ardhi" hataziona hukumu za miaka iliyopita zinazohusu jambo hilo hilo. Katika safu ya mada ya jedwali lenu, andikeni kila mada kwa lugha zote mbili.

Na kabla hamjayafanya maandishi hayo yasomeke na mashine, kumbukeni kwamba yakisomeka kwenu yatasomeka pia na Google. Jina la mtoto katika shauri la matunzo, au namba ya simu iliyoandikwa pembeni mwa kiapo, vilikuwa vimefichwa na ile picha bila mtu kukusudia. Siku mtakayoyatambua maandishi, yeyote mwenye simu ataweza kuvipata kwa kuandika jina tu. Faili za aina hiyo ziondoeni kwenye tovuti kwanza, wakili mmoja azipitie na kuyafuta yanayopaswa kufutwa, ndipo zirudishwe.